Bomba la chumvi, sakafu ya kufulia na kasha la kufuli tatu

Pemba imezungukwa na bahari, na chakula cha Mpemba hakikosi samaki. Kwa hiyo utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwashtua waliokuwa wakiamini kwamba upungufu wa madini joto ni shida ya watu wa milimani peke yao. Karibu mtoto mmoja katika kila watatu waliopimwa kisiwani alikuwa na rovu, na katika kaya 100 ni moja tu iliyokuwa ikipikia chumvi yenye madini joto. Unguja, ng'ambo tu ya mkondo, kaya zenye chumvi hiyo zilikuwa zaidi ya 60 katika kila 100.

Mama wa Kipemba hakuwa na kosa jikoni mwake. Bara, kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi zilianza kufanya kazi katikati ya miaka ya 1990, na chumvi ya viwanda vya huko ikivuka bahari inafika ikiwa imeshatiwa. Pemba ina chumvi yake yenyewe. Nyuma ya mikoko, watu huchimba mabwawa ya kina kifupi, maji ya bamvua yakaingia, yakafungiwa humo, jua likafanya kazi yake kwa siku kadhaa, kisha chumvi ikakwanguliwa na kutiwa kwenye magunia. Ni biashara ya wanakijiji, na gunia likitoka bwawani aghalabu linaelekea moja kwa moja dukani. Chumvi ya bahari, ingawa imetoka baharini, haibaki na madini joto ya kumtosha mtu.

Dawa ya tatizo hili haikuhitaji mtambo wa mamilioni. Wazalishaji wadogo wa chumvi nchini Tanzania wamekuwa wakitumia bomba la kubeba mgongoni, la aina ile ile wanayotumia wakulima kupulizia mimea. Chumvi inatandazwa juu ya turubai, iodeti ya potasiamu inakorogwa na maji, mmoja ananyunyizia na mwenzake anageuza kwa koleo mpaka unyevu uenee, kisha chumvi inaachwa ikauke kabla ya kufungwa. Kazi ya watu wawili, asubuhi moja.

Hapo ndipo huduma ya umma na biashara ndogo zinapokutana, na ndipo watungaji wa mipango wanapopaswa kutua na kufikiri. Kinga ya mtoto wa skuli wa Micheweni dhidi ya rovu na dhidi ya uzito wa kujifunza imo mikononi mwa mtu asiyevaa koti jeupe, ambaye faida yake kwa gunia ni ndogo, na ambaye siku iodeti ikimwishia au mpira wa bomba ukipasuka atauza chumvi vile vile ilivyo, kwa sababu mnunuzi haoni tofauti kwa macho. Tofauti hiyo inaweza kuonekana. Kipo kichupa cha maji ya kupimia ambacho tone lake likidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto, chumvi hugeuka rangi ya buluu. Katika nchi kadhaa wanafunzi wameambiwa waje na kijiko cha chumvi kutoka nyumbani, mwalimu akapima darasani, na mtoto akarudi kwao na habari. Kwa kisiwa ambacho karibu kila kijiji kina skuli na kila mtoto anajua chumvi ya kwao imenunuliwa duka gani, ni vigumu kufikiria ukaguzi wa bei nafuu kuliko huo.

Kichocho ndicho kilichoifundisha Pemba zaidi kuhusu kinga inayotegemea mazoea ya watu, na hadithi yake inastahili kusimuliwa taratibu.

Mpango wa kupambana nacho kisiwani ulianza mwaka 1986, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Italia. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii huko Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kiitalia. Kwa miongo yote hiyo silaha kuu imekuwa praziquantel, vidonge ambavyo mtoto hupimwa kimo kwa fimbo ili ijulikane ameze vingapi. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena. Akimeza asubuhi, kisha jioni akarudi kuoga kijitoni, vijidudu vilivyotoka kwa konokono wa majini vinampenya ngozi, na safari inaanza upya. Akikojoa humo humo, naye anawaambukiza konokono wengine.

Mwaka 2012 Zanzibar ilianza jaribio kubwa, lililoshirikisha shehia 90, nusu yake zikiwa Pemba. Zote zilipata dawa mara mbili kwa mwaka, watu wazima kwa watoto. Theluthi moja ziliongezewa kuua konokono mitoni na mabwawani. Theluthi nyingine ziliongezewa kitu ambacho vitabu vya tiba havikizungumzii sana: kubadili mazoea ya watu, tena kwa kuwauliza wenyewe kwanza.

Walioulizwa walikuwa watoto, walimu wa skuli na wa madrasa, akina mama, wazee na masheha. Swali lilikuwa jepesi: mnafuata nini mtoni? Mtu anakwenda mtoni kwa sababu nguo za familia ni chafu na bomba halitoi maji. Mtoto anakwenda kwa sababu kuna joto na wenzake wako huko, na anakojoa huko kwa sababu skuli haina choo cha haja ndogo kinachomtosha. Kumwambia mtu kama huyo kwamba maji yana ugonjwa, na kumbandikia picha ya konokono ukutani, ni kumpa khofu bila kumpa njia.

Basi njia zikatengenezwa. Skuli zikajengewa sehemu za kukojolea, za wavulana na za wasichana. Walimu wakafundishwa kufundisha kichocho kwa michezo na kwa mazungumzo badala ya kuimbisha darasa, watoto wakaonyeshwa michezo ya nchi kavu, ikawekwa Siku ya Kichocho. Na akina mama wakajengewa sakafu za kufulia. Mwenye kufua anachota maji kwa ndoo, anapanda juu ya saruji, anafua akiwa amesimama pakavu. Miguu haiingii majini. Kitu kidogo hicho kimekata njia ya ugonjwa ulioisumbua Afrika ya Mashariki tangu enzi za mababu.

Kimeikata kwa kiasi, na hapa uaminifu unatakiwa. Jaribio lilipofungwa mwaka 2017, maambukizi yalikuwa yameshuka sana katika visiwa vyote viwili, lakini kichocho hakikutokomea, na hakuna kundi kati ya yale matatu lililojitenga waziwazi na mengine kwa ushindi. Vilibaki vijiji, hasa Pemba, ambako ugonjwa uling'ang'ania. Wapo walioyasoma matokeo hayo wakasema vyoo na sakafu havikufaa kitu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Sakafu ya kufulia iliyo mbali na maji inamtaka mama achote ndoo baada ya ndoo, apandishe, amwage, arudi tena, na kila ndoo inamkumbusha kwamba wenzake wanaofulia mtoni wamemaliza zamani. Sakafu inahitaji bomba la maji ubavuni mwake. Choo cha skuli kinahitaji ndoo ya maji na mtu anayelipwa kukisafisha, la sivyo muhula wa pili watoto watakikimbia kwa harufu. Wazo lilikuwa sahihi. Lililopungua ni bajeti ya kulitunza.

Kuanzia mwaka 2020 kazi kaskazini mwa Pemba ilichukua sura nyingine. Badala ya kumpa dawa kila mtu kila mahali, vijiji ambavyo ugonjwa ulikuwa haba vilifuatiliwa kwa kupima: alipopatikana mtoto mgonjwa skuli, watu wa nyumbani kwake na waliotumia mto alioutumia nao walipimwa na kutibiwa. Kijiti chembamba kinachochovywa kwenye mkojo kuonyesha damu kinatosha kuanzia. Nguvu kubwa ilielekezwa kule kulikokuwa kukiwaka moto bado.

Utaratibu wa kumfuata mtu alipo ndio pia uliobadilisha uzazi. Mradi wa Uzazi Salama, ulioanza mwaka 2011 chini ya shirika la D-tree pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar, ulimkabidhi mhudumu wa afya wa kijijini simu yenye maswali ya kumuuliza mjamzito, moja baada ya jingine: unaumwa kichwa, miguu imevimba, umeona damu? Majibu ndiyo yaliyoamua kama mama asubiri au aondoke usiku ule ule. Kilichokuwa kipya kuliko simu yenyewe ni dereva. Kabla ya siku ya kujifungua, mhudumu na familia walikuwa wameshamjua mwenye gari atakayeitwa na namba yake, na nauli ilishapangwa, mwanzoni ikilipwa kwa pesa za simu na baadaye familia zikihimizwa kuweka akiba yake mapema. Yeyote aliyewahi kutafuta gari saa nane za usiku kwenye kijiji kilicho kando ya barabara ya udongo, mwezi wa Aprili mvua zikimwagika, anajua thamani ya jambo hilo. Mpango ukaenea wilaya hadi wilaya, na mwaka 2021 mrithi wake, Jamii ni Afya, ukafika Zanzibar nzima, ukiwa na wahudumu zaidi ya 2,000 wenye simu mkononi.

Upande wa biashara, kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kimetengenezwa na seremala au fundi wa mabati wa mtaani. Ni kasha. Lina pete tatu za kufuli, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na kasha lenyewe linalala nyumbani kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Hufunguliwa siku ya mkutano tu, mbele ya wote. Kila mmoja anaitwa kwa namba, ananunua hisa zake, fedha inahesabiwa kwa sauti, inapigwa muhuri kwenye kijitabu chake. Kisha waombaji wa mkopo wanasimama na kueleza wanachotaka kufanya. Huyu anataka kununua unga wa mandazi, yule anataka kamba za mwani, mwingine ada ya tuisheni ya mtoto wake haijalipwa. Mwisho wa mzunguko, aghalabu mwaka mmoja, kasha linavunjwa na kila mtu anapata akiba yake pamoja na faida iliyotokana na riba waliyolipana wao kwa wao.

Mtindo huu ulizaliwa Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Zanzibar ulitia mizizi kwanza katika vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, Unguja, chini ya jumuiya ya JOSACA, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti waliokwenda kuutazama miaka michache baada ya mradi wa CARE kumalizika walikuta vikundi vimeongezeka badala ya kufa. Wanakijiji waliofundishwa walikuwa wakiwafundisha wengine, na vikundi vipya vikiwalipa kwa kazi hiyo. Kisiwani Pemba vikundi vya kuweka na kukopa sasa ni jambo la kawaida kama harusi, na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA Zanzibar, pamoja na CARE walivitumia kuwaingiza maelfu ya wanawake katika biashara kupitia mradi wa WEZA.

Benki ina kompyuta na walinzi. Kasha lina jirani. Anayechelewesha marejesho atakutana na wadai wake kisimani, msibani na kwenye maulidi, na hata hivyo ndio hao hao watakaompa mfuko wa jamii akifiwa. Lakini kasha lina kikomo chake, na ni vizuri kulisema hilo waziwazi: hisa za akina mama thelathini haziwezi kununua mashine ya kukausha, wala boti. Mtu aliyekopa na kurejesha miaka mitano mfululizo kwenye kikundi, kijitabu chake kikiwa na mihuri yote, bado akienda kuomba mkopo mkubwa ataulizwa hati ya nyumba. Kijitabu kile ni ushahidi bora wa uaminifu kuliko hati ya nyumba aliyorithi mtu asiyejua kulipa, na taasisi za fedha zingefaa kukisoma.

Kisiwa Panza, kusini kabisa, wilaya ya Mkoani, wamekwenda hatua zaidi na kuiunganisha akiba na bahari. Pweza hukua upesi ajabu na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na zaidi kidogo. Kwa hiyo akiachwa kwa miezi mitatu tu, aliyekuwa wa kutosha mchuzi wa watu wawili anakuwa wa kupeleka sokoni. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walilijaribu hilo mwaka 2004 kwa kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa muda, na habari zikasafiri. Katikati ya miaka ya 2010, wanakijiji wa Kisiwa Panza, wakisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, wakaanza kufunga sehemu ya miamba yao na kuifungua kwa siku maalumu, kijiji kizima kikishuka na maji.

Kufunga ni rahisi kutamka. Mwanamke anayekwenda na mchokoo wake miambani kila bamvua anaambiwa asubiri miezi mitatu, wakati chakula cha leo hakisubiri. Na usiku wa kuamkia siku ya kufungua, mwizi mmoja mwenye taa anaweza kuvuna subira ya kijiji kizima. Inahitajika doria, mafuta ya boti, sheria ndogo inayotambulika. Hapo ndipo ulipoingia mfuko unaoitwa MKUBA, kwa kirefu Mfuko wa Kutunza Bahari, ambao Mwambao imeuanzisha katika vijiji vya pwani: wanachama wanakopa kutoka fungu la pamoja, na sharti la mkopo ni kushiriki kuitunza bahari. Mkopo unamvusha mtu katika miezi ya kufunga, na mwenye mkopo ana sababu ya kumkamata mwizi.

Karafuu zina somo lao, na ni somo la bei. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo shamba kuu la zao hilo, na kwa miongo mingi mkulima aliiuzia serikali kwa bei iliyomfanya aitazame Mombasa usiku kwa usiku. Magendo yalipigwa vita kwa doria na kwa mahakama, na hayakwisha. Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho, Pemba, ilipoamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, kilo ya daraja la kwanza ikafika shilingi 14,000 na zaidi, na karafuu zikaanza kwenda zenyewe kwenye vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali. Shirika hilo hilo likaweka fidia kwa wachumaji wanaoanguka mikarafuuni, jambo ambalo mchumaji hakuwahi kulipata kwa mfanyamagendo. Na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanapelekwa kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta.

Mkulima wa karafuu anajua mambo mawili kabla hajateremsha gunia begani: madaraja ni mangapi, na kila daraja ni shilingi ngapi. Kwa hiyo anachambua makonyo kwa uangalifu, anaanika kwenye jamvi safi, na mvua ikitishia anakimbia kuanua. Usafi wake una bei.

Mkulima wa mwani, ambaye pengine ni mke wa mkulima huyo huyo, hana bahati hiyo. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa visiwa hivi inatoka Pemba, kwa mikono ya wanawake waliosimama maji ya kiuno wakifunga vijikamba viitwavyo tai-tai kwenye kamba. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kadiri bahari inavyopata joto. Spinosum inastahamili, lakini kwa miaka mingi imelipwa shilingi mia chache tu kwa kilo kavu. Mafunzo ya sabuni na ya unga wa mwani yametolewa vijiji vingi, na sabuni zenyewe ni nzuri, ila zikirundikana kijijini wanaozinunua ni watengenezaji wenzao. Kabla ya semina nyingine ya sabuni, afadhali ofisi za viwango na za usajili wa biashara zishuke mara moja kwa mwezi mpaka soko la Konde au la samaki la Tumbe, na fomu zao na mihuri yao, ili mama amalize shughuli zake siku ile ile anayokuja kuuza.

Na afadhali zaidi ni kuanzia kwenye kuanika. Mwani ulioanikwa mchangani unabeba mchanga na takataka. Ulioanikwa juu ya kichanja cha miti na nyavu kuukuu unakauka ukiwa safi, upepo ukipita juu na chini. Vichanja vinajengeka kwa siku moja na wanawake wenyewe wanajua kuvijenga. Lakini mama aliyejenga kichanja akifika kwenye mizani na kulipwa sawa na jirani yake aliyemwaga wake ufukweni, hana sababu ya kujenga cha pili. Wanunuzi wa mwani wakae na vikundi kabla ya msimu, wataje madaraja mawili na bei zake, waziandike kwenye ubao penye mizani, na kila mwenye mwani ajue jioni hiyo mzigo wake umehesabiwa daraja gani na kwa nini.